Verlin Schrag, Dalali wa Ndege Zinazorudi Tupu

Marehemu Verlin Ray Schrag alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 katika shamba la ngano la wazazi wetu, magharibi mwa Moundridge, Kansas. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Menno na Bi Alvina Schrag. Wa kwanza ni mimi, Arlys, ninayewasomea. Mchungaji aliniomba niandike mema tu, tena nisizidi ukurasa mmoja. Mchungaji ni kijana mzuri, atanisamehe.

Alianza masomo mwaka 1957 katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa njia panda ya kwetu, akamaliza sekondari hapa Moundridge mwaka 1969. Darasani hakuwa hodari, na walimu waliliandika hilo kila mwaka bila kuchoka. Ila akili ya biashara alikuwa nayo tangu utoto. Alikuwa na miaka kama kumi alipogundua kuwa lori la jirani lilipeleka ngano Newton likarudi tupu. Akamfuata mwenye lori akamwuliza, "Mzee, kwani ukirudi unabeba upepo?" Wiki hiyohiyo lori likarudi na mbolea ya baba kwa nusu ya nauli. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kijana alikuwa ameshapata kazi ya maisha yake, sisi hatukujua.

Wakati wa vita vya Vietnam, kama vijana wengi wa kanisa letu waliokataa kushika bunduki, marehemu alipelekwa kufanya kazi ya hospitali. Alisukuma vitanda huko Denver kuanzia 1971 hadi 1973. Aliporudi aliajiriwa Wichita, kwenye kiwanda cha ndege ndogo za matajiri, kitengo cha kushona viti vya ngozi. Cherehani ya pembeni yake ilikuwa ya Orval Koehn, mtoto wa kanisa hilihili. Walishona pamoja, walikula pamoja, walitaniana kutwa kucha. Ukimtafuta mmoja ulimuuliza mwenzake.

Tarehe 12 Juni 1976 marehemu alifunga ndoa na LaVonda Kaufman katika kanisa hili tulimokaa. Orval ndiye aliyemsimamia. Rubani mmoja wa kiwandani alijitolea kuwarusha maharusi mpaka milimani Colorado. Verlin hakuwa amewahi kupanda ndege hata siku moja. Hawajafika hata mpaka wa kaunti, akatapika ndani ya kofia mpya aliyoazimwa na Orval. Rubani aligeuza, na maharusi wakaenda Colorado kwa gari la baba. Orval alimtania kwa hilo miaka yote: "Wewe bwana! Unauza mbingu, na tumbo lako halitaki kutoka ardhini. Kofia yangu iko wapi?" Mungu aliwajalia binti mmoja, Jolene, aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 1980. LaVonda alitutangulia mwaka 2017.

Mwaka 1991 marehemu aliacha cherehani akawa dalali wa ndege za kukodi. Nieleze kidogo, maana nusu yenu mlikuwa mkidhani ana ndege. Hakuwa na ndege, alikuwa na simu. Mtu akikodi ndege ya viti saba kutoka Wichita kwenda Boise, analipia kwenda na analipia kurudi, awemo asiwemo. Ile inayorudi tupu mwenyewe anaona ni hasara tu. Verlin ndiye aliyeitafutia mtu wa kuipanda, kwa theluthi ya bei au chini ya hapo. Walikuwapo waliouza saa za kuruka kwa kulipwa mapema, na waliouziana kipande cha ndege kama watu wanaogawana ng'ombe mmoja. Yeye aliwaambia wateja, "Lipia safari unayoruka, basi." Na alikuwa na kanuni moja, aliisema kabla hata ya kutaja bei: ndege tupu siyo ahadi. Aliyekodi safari ya kwanza ndiye anayepanga saa. Akighairi yeye, na wewe umeghairi.

Halafu uchumi ukaanguka. Mwisho wa 2008 wakubwa wa makampuni waliogopa hata kuonekana kwenye ngazi ya ndege binafsi, kwa kuwa asubuhi hiyohiyo walikuwa wamefukuza watu kazi. Ndege zilirudishwa, zikapangwa uwanjani kama ng'ombe mnadani, na bei ikawa inashuka kila wiki. Hapa kwetu tunaunda ndege, kwa hiyo wakubwa wakiogopa kuruka ni sisi tunaokosa mkate. Orval alipunguzwa kazi Januari 2009. Verlin kwa muda alipata wateja hata kuliko zamani, maana waliouza ndege zao walianza kukodi kimyakimya. "Wanataka kuruka, ila wasionekane wana mabawa," alituambia mezani, wala hakucheka.

Sasa nafika mahali ambapo mchungaji angependa niruke. Siruki. Nusu ya kanisa hili mnakijua kisa hiki kwa kukinong'ona, na marehemu hakupenda minong'ono.

Jumanne ya tarehe 17 Februari 2009, Orval alipigiwa simu alfajiri. Mwanawe wa pekee, Darrin, alikuwa amegongwa na gari kwenye barafu huko Boise. Daktari alisema, kama baba anakuja, aje leo. Orval alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Verlin, njiani kuelekea uwanjani. Nauli alikuwa nayo mfukoni. Ndege ya abiria ya saa tatu asubuhi, ya kupitia Denver, ilikuwa na nafasi. Renae Wedel, aliyekuwa akifanya kazi na marehemu, ndiye aliyetusimulia yaliyosemwa.

"Achana na hiyo," Verlin alimwambia. "Denver utashuka, utapanga foleni, utakimbia na viatu mkononi. Mimi nina ndege inarudi Boise saa sita mchana, tupu. Moja kwa moja. Hulipi hata senti."

"Una hakika, Verlin?"

"Orval! Mimi nikudanganye wewe?"

Kanuni yake hakuisema. Kwa mgeni angeisema. Kwa rafiki aliona haya kuisema, akataka kumpa kitu kikubwa, kile ambacho wakubwa walikuwa wakikipata na washona viti hawakuwahi kukipata.

Ndege ilikuwapo kweli na rubani alikuwapo. Aliyeikodi alikuwa mfanyabiashara wa saruji, amekuja Wichita kununua ndege ya kampuni iliyofilisika. Kufa kufaana. Bwana yule aligundua kwamba kadiri anavyokaa kimya mezani, ndivyo wenzake wanavyoshusha bei. Basi akakaa, na ile ya kukodi ikabaki inamngoja, maana asiponunua ndiyo ingemrudisha Boise. Saa sita ikawa saa nane, saa nane ikawa saa kumi. Orval alikuwa amekaa ofisini na begi magotini, na kila alipoinua macho Verlin alimwambia, "Iko njiani. Subiri kidogo." Renae alipomsihi amtafutie nafasi ya abiria, Verlin alimkaripia. Alipokubali mwenyewe, ndege ya mwisho ya kwenda magharibi ilikuwa imeondoka. Akaanza kupiga simu kukodi nyingine kwa bei kamili, kwa pesa zake. Hakupata ya kuruka usiku ule. Darrin Koehn alifariki saa mbili usiku. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Muuguzi alisema aliuliza kama baba amefika.

Asubuhi yake mfanyabiashara wa saruji alipata bei aliyoitaka, na Orval akapanda ile ndege tupu kwenda kumchukua mwanawe. Alikaa kwenye kiti cha ngozi cha aina ileile waliyoshona pamoja. Jamani, mimi hilo huwa siwezi kulifikiria kwa muda mrefu.

Marehemu alikwenda nyumbani kwa Orval kuomba radhi. Orval alimfungulia, akamsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango taratibu. Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Tangu hapo walisali katika kanisa moja, mmoja safu za kushoto, mwingine za kulia. Kwetu, mnajua, kabla ya Meza ya Bwana wanaume huoshana miguu wawili wawili, na mwenye kinyongo na ndugu yake, au aliyewekewa kinyongo, hawezi kuinama mbele ya beseni. Miaka karibu kumi na mitano, kila beseni lilipoletwa, Verlin alisimama akashuka chini jikoni, akaosha vikombe vya kahawa. Wanawake wa jikoni tulizoea. Tulimwachia vikombe.

Kazi aliendelea nayo, lakini hakuwa tena yule Verlin. Mteja akiulizia ndege inayorudi tupu, alimweleza ubaya wake mpaka mteja anakata simu. Mwaka 2014 alimwachia Renae biashara.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021. Daktari alisema yanakakamaa, na hakuna dawa ya kuyalainisha. Mwaka jana akawa mtu wa mitungi ya oksijeni, akahamia kwangu, na mwezi huu wauguzi wakaniita pembeni wakasema ni siku chache. Jolene anaishi Spokane. Alhamisi ya tarehe 11 Januari Renae alinipigia simu kwa furaha. "Bi Arlys, kuna ndege inatoka Spokane kesho asubuhi, tupu, inakuja hapa Wichita! Mwenyewe amesema Jolene apande bure. Mwambie mzee!"

Nilimwambia. Marehemu alikuwa hana pumzi ya maneno mengi, lakini kwa hayo aliipata.

"Hapana."

"Verlin, huyu ni mwanao!"

"Ndiyo maana. Ndege tupu siyo ahadi. Mkatieni tiketi yenye jina lake."

"Ebo! Yaani mpaka leo mbishi?"

"Arlys. Nakuomba."

Hakuwa ameniomba kitu tangu tukiwa watoto. Jolene akakatiwa tiketi yenye jina lake, ya kupitia Denver.

Ijumaa theluji iliifunga Denver. Jolene alinipigia akiwa sakafuni huko uwanjani, kati ya watu: "Shangazi, hakuna kinachoruka. Nimetafuta gari, na barabara nayo imefungwa." Na ile ndege tupu ilitua Wichita mchana, hali ya hewa nzuri, saa waliyosema. Renae alikuwa uwanjani. Alinipigia, nikasikia tu analia.

Tulimwekea marehemu simu sikioni, Jolene akaongea naye. Alikuwa amelala usingizi ule mzito, sijui alisikia nini.

Kabla ya jioni mlango uligongwa. Alikuwa Orval, kofia mkononi. Nani alimwambia? Hapa Moundridge habari hazihitaji simu. Alivua viatu, akaja mpaka jikoni.

"Arlys, nipe beseni."

"Beseni la nini?"

"La maji. Na taulo."

Nilimpa lile ninalomenyea tufaha, sikuwa na lingine safi. Magoti ya Orval ni mabovu kuliko yangu, lakini alipiga magoti pale miguuni pa kitanda, akafunua blanketi, akaosha miguu ya mdogo wangu. Ilikuwa imevimba. Aliiosha taratibu, kidole kwa kidole, akaikausha. Katikati ya hayo Verlin alifumbua macho.

"Orval."

"Ndiyo mimi. Usiongee, utamaliza pumzi."

Verlin akageuza macho kwenye mlango. "Jolene amefika?"

Nilifungua mdomo nimwambie kweli, kwa sababu nyumbani kwetu tulilelewa kusema kweli. Orval alinitazama, akatikisa kichwa. Akamshika mkono.

"Iko njiani, Verlin. Subiri kidogo."

Verlin alifumba macho, akasubiri. Marehemu alifariki Ijumaa hiyo, tarehe 12 Januari 2024, kabla ya saa kumi na mbili jioni, mkono wake ukiwa mkononi mwa Orval. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Orval ndiye aliyemwaga maji ya beseni. Alisimama kwenye sinki muda mrefu, amenipa mgongo, maji yameshakwisha kabisa. "Miaka yote hii nilikuwa najiuliza kwa nini aliniambia vile," alisema. "Kumbe hakuwa na kingine cha kunipa."

Marehemu ameacha binti, Jolene Schrag, aliyefika Jumapili. Wajukuu wawili, Tessa na Colby. Dada yake, mimi Arlys Goering. Na Orval Koehn, ambaye Jolene ameomba aketi hapa mbele nasi, upande wetu. Baada ya maziko karibuni chini kwa kahawa na ile mikate yetu midogo ya vichwa viwili, kimoja juu ya kingine. Vikombe mtaosha wenyewe, aliyekuwa akiviosha hayupo.

Pumzika, Verlin. Umesubiri vya kutosha.