Barua Niliyokataa Kuandika

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mkisikia mtoto akilia huko nyuma, ni wangu. Msameheni, ushuhuda huu ni wake pia.

Mimi ni Karimi. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la saba, nikawalea wadogo zangu watatu. Miaka tisa nimefanya kazi katika kiwanda cha makadamia hapa Meru, nikichambua njugu na kubeba magunia. Kazi hiyo ndiyo inayowasomesha. Basi nilipopata mimba, ingawa nimefunga ndoa hapa hapa kanisani, sikushangilia. Niliogopa! Kwetu mimba haitangazwi, husubiriwa ionekane yenyewe. Nami nikajificha ndani ya koti la kazi, nikaendelea kuinua magunia.

Mimba ikiwa ya miezi saba, nikaona damu. Mama Mutuma, ninayechambua naye meza moja, alinikalisha chini. "Wewe Karimi, kwani ulidhani tunafikiri umeshiba githeri? Tumejua kitambo!" Hospitalini wakasema mtoto yuko salama, lakini nisibebe mzigo tena.

Nikamwendea msimamizi wa kiwanda, nikamweleza. Hakunifokea. Alinisukumia karatasi na kalamu. "Andika barua ya kuacha kazi kama wenzako. Ukishajifungua uje, tutakuandika upya."

Ndugu zangu, kina mama wote pale walikuwa wakifanya hivyo. Mama Mutuma aliandika mara tatu! Kila mara alirudi kama mgeni, na mara moja alikuta nafasi imejaa, akakaa nyumbani mwaka mzima. Tulidhani hiyo ndiyo sheria.

Nilishika ile kalamu. Nikasema moyoni, "Bwana, hawa watoto wa mama yangu watakula nini?" Mkono ukakataa kuandika.

"Bosi, acha nikaombe kwanza," nikamwambia.

Akacheka. "Omba, lakini kesho ulete barua."

Jioni hiyo niliomba, na asubuhi Mama Mutuma akanipeleka ofisi ya kazi ya serikali. Afisa, mama mmoja mpole, akaniuliza kama nimefukuzwa.

"Hapana. Nimeambiwa niandike mwenyewe kwamba nimeacha."

"Usiandike, mama! Sheria inakupa miezi mitatu ya likizo, na mshahara wako, kisha urudi kwenye kazi yako. Wewe andika ya kuomba likizo tu."

Nililia mbele ya mtu nisiyemjua!

Niliiandika kwa mkono wangu, herufi zimepinda. Msimamizi aliisoma mara mbili. "Nani amekufundisha?"

"Ni Bwana," nikamjibu, "na mama wa ofisi ya kazi."

Akaiweka kwenye droo yake. Siku ya tatu akatia sahihi, akaniondoa kwenye magunia. Leo nimerudi kwenye meza yangu, na wadogo zangu wako shuleni. Asante, Yesu!

Dada yangu uliye na mimba, na umepewa kalamu kama mimi, usiandike kwa woga. Mtegemee Bwana. Na kesho asubuhi nisubiri hapo kwenye lango la kanisa, nikupeleke mwenyewe ofisi ya kazi.