Upande wa Subira

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Kasongo, Nyangwe na Kabambare, kama kisu mmeshakinoa, kiwekeni chini kidogo. Mpunga umeiva. Mpunga ukiiva, tunamkumbuka Subira. Alifia shambani karibu na hapa Kasongo, katika miaka ya 1880, wakati wa kuvuna. Hakufa kwa uzee wala homa. Aliuawa na ukaidi wa mtu mmoja, na mtu huyo tutamtaja bila haya: nyampara Assumani, msimamizi wa shamba.

Subira alitokea upande wa Kabambare. Alitekwa akiwa msichana, akaletwa na kamba shingoni, na waliomfunga ndio waliomwita Subira. Walikosea jina. Mwanamke huyu alinuna asubuhi, akanuna jioni, na alipomwona Assumani akipita alitema mate chini, kisha akasingizia vumbi.

Shamba lile lilivunwa kwa duara. Kwa duara, wasikilizaji. Watu walilizunguka lote, wakakata kutoka pembeni kwenda katikati, wakitazamana. Assumani alipenda hivyo kwa sababu mtumwa aliye kwenye duara hatoroki bila kuonekana. Lakini duara halikuwafunga watu tu. Panya walikimbilia katikati. Ndezi walikimbilia katikati. Na nyoka wanaowafuata panya nao walikuwa huko huko, wanabanana kadiri mpunga unavyopungua. Alimasi, mume wa Subira, ndiye aliyekata mabua ya mwisho msimu mmoja. Aliumwa na nyoka, akazikwa kabla mpunga haujakauka.

Msimu uliofuata Subira alimwendea Assumani.

"Nyampara, muache upande moja wazi. Nyoka ipate njia ya kutoka."

"Wazi kwa nyoka, ao wazi kwa weye kukimbia?"

"Siku nitakimbia, sitakuomba ruhusa."

Assumani alicheka, kicheko kibaya. Hakumchapa. Alifanya la kuumiza zaidi: aliamuru Hawa, binti wa Subira, ndiye amalize katikati. Hawa alikuwa na mimba kubwa. Kuinama kwenyewe kulimtoa jasho, sembuse kuruka.

Siku ile Subira alikata mpunga roho ikiwa juu. Hakutazama kisu, alimtazama mwanawe. Mpunga ukabaki kama uwanja wa nyumba, ukapungua, ukabaki kama kibanda cha kuku. Hawa akainama. Ndani ya mabua kitu kikachakarisha.

Subira akatupa kapu lake. Alimvuta Hawa kwa nguo, akamsukuma nyuma, kisha akawapigia kelele wavunaji wa upande mmoja.

"Tokeni pale! Muache njia!"

Wakatoka. Duara likafunguka, na ndezi wakaanza kuchomoka mmoja mmoja. Assumani akaja mbio na kiboko. Hakuona ndezi. Aliona pengo.

"Umefungua mulango? Basi simama mule, uuzibe. Weye, ao mutoto wako."

Mnasikia maneno hayo? Mtu aliyajua madhara, alimzika Alimasi, na bado aliyasema. Subira alimtazama Hawa, akamtazama Assumani, akaenda kusimama kwenye pengo. Nyoka, swila mkubwa, alitoka kwa njia ile ile aliyofunguliwa. Akamkuta mtu amesimama humo. Akamuuma mguu.

Hawa alimpakata mama yake palepale kwenye mabua makavu. Assumani alikuwa amesimama karibu. Subira alisema neno moja tu kwa binti yake.

"Usilie mbele yake."

Hawa hakulia. Jua halijashuka, Assumani alikuwa ameshawarudisha watu kazini.

Mwaka uliofuata mpunga uliiva tena. Wavunaji walianza kukata, na bila kuambizana waliacha upande mmoja wazi. Assumani akawaka hasira. Nani ameamuru?

"Subira," Hawa akamjibu, mtoto yuko mgongoni.

Assumani akaamuru mtu akazibe pale. Hakuna aliyesogea, hata kiboko kilipoinuliwa. Hawa akamwonyesha pengo kwa kisu.

"Simama weye, nyampara."

Assumani alilitazama pengo lile. Alitazama mguu wake. Hakusimama, na toka siku ile shamba halikufungwa tena.

Mama Amisa, wa ukoo wa Hawa, anaishi hapa hapa Kasongo. Tulimuuliza kama wanakumbuka.

"Ule mutoto wa mugongoni ndiye alizaa babu wa baba yangu," alituambia. "Kwetu mutu akifunga shamba, tunamufukuza, hata akiwa mukwe. Na Assumani? Hakuna mutoto tunamupa jina ile. Hakuna hata moja."

Mama Amisa, na familia nzima, poleni. Najua pole hii imechelewa sana. Lakini Subira hakukaliwa matanga, watu walirudishwa kazini. Basi matanga yake tunakaa leo, pamoja nanyi.

Na wewe unayekwenda shambani kesho, tafakari. Usilizungushie shamba duara. Piga mabua kwa fimbo kabla ya kuinama. Mwenye mimba asimalize katikati. Acha upande mmoja wazi, upande wa Subira. Na asitokee bosi wala mume wa kumsimamisha mtu humo.