Nusu ya Wimbo Iliyobaki

Kwa jina la Shiva, mwenye mwezi nyweleni na majivu kifuani, aliyewapa wazee wetu ulimi kabla hajawapa mashamba. Mimi ni Vaithilingam mwana wa Kandappan, mwana wa Tirumeni, mwimbaji wa hekalu hili la ukingo wa mto Kaveri kama walivyokuwa wao, na koo hili linaloungua si la kurudia maneno. Basi sikilizeni, wanangu, na wewe Gunaseelan izime hiyo simu.

Tena na nianze na simu hiyo hiyo. Siku tulipompeleka mama yenu kuchomwa, koo langu lilikwisha kuliwa na ugonjwa, nikawageukia ninyi wanaume wawili, mmoja profesa wa Munich, mwingine mhandisi wa Delhi, mmwimbie wimbo wa kumvusha ng'ambo ya kifo. Mkatazamana kama mbuzi waliopigiwa zeze. Kisha mkautoa simuni, umeandikwa kwa herufi za Kiingereza, mkaukokota kama gunia la mawe, na ulipofika nusu, betri ikaisha. "Basi, Baba, Mungu amesikia," ukasema wewe Sabesan. Naam, alisikia, na wachoma maiti nao walisikia, wakacheka ndani ya vilemba vyao. Mama yenu akaingia motoni na nusu ya wimbo, kama maskini aliyefunikwa shuka fupi.

Niliwahi kukuuliza, Gunaseelan, mbona lugha imekukauka. Ukanijibu, "Baba, kule maabara nani ataongea nami Kitamil?" Kwani mama yako alikunyonyesha maabara? Kijerumani umekijua hata unaota kwacho, lakini cha kwenu kimekushinda kama mfupa kinywani mwa kibogoyo. Mwacha asili ni mtumwa, na ninyi hata kununuliwa hamkununuliwa. Mlijipeleka sokoni wenyewe.

Mtazameni dada yenu Malarvizhi aliyeketi hapo, anayesomea udaktari Poland. Kila alfajiri huko, akimenya viazi, huimba ubeti mmoja, hata yule bibi mwenye nyumba, asiyejua neno letu hata moja, siku asipousikia humgongea mlango: "Binti, unaumwa?" Kila mwezi aliniandikia barua kwa Kitamil, nami nikamrudishia imejaa wino mwekundu, bila neno la sifa. Hakuacha.

Mnainamisha vichwa? Inueni, maana dharau yangu haijanifikia mimi mwenyewe. Ni nani aliyewapiga makofi mliposema Kitamil mezani siku za mitihani? Ni mimi, mwimbaji wa hekalu, niliyewakemea kwa Kiingereza changu cha kuokoteza ili majirani wasikie. Binti sikumjali, nilimwacha jikoni, na huko mama yake akampa wimbo wote, kidogo kidogo, wakisaga viungo. Na siku ile ya moto, alipotaka kutufuata, ni nani aliyemwambia, "Rudi ndani, mwanamke hafiki kuchomwa maiti"? Ni mjinga huyu mnayemwona kitandani. Wimbo mzima tuliuacha mlangoni, tukaondoka na simu.

Basi shikeni neno langu. Nyumba na minazi gawaneni ninyi wawili. Matofali hayahitaji msomaji. Matoazi ya babu yangu, na maandiko ya nyimbo juu ya majani ya mvumo yaliyomo sandukuni, ni ya Malarvizhi, na yeye ndiye atakayeutia moto mwili wangu. Unaguna, Sabesan? "Baba, watu watasema." Waseme, mradi waseme kwa Kitamil.

Maji... kidogo tu. Binti yangu, sogea. Siku ya kunichoma usianze na wimbo wangu. Anza pale... pale simu ilipozimika. Mmalizie mama yako kwanza. Mimi nitangoja, maisha yote yeye ndiye aliyeningoja.

Ninyi wawili simameni nyuma yake, mwitikie, hata vibaya. Midomo... itakumbuka. Leteni majivu matakatifu, niwapake kwenye paji... wote watatu. Mbarikiwe. Na kila aliyenisikiliza hadi hapa, Mungu asimkatie... wimbo wake... katikati.