Kadi ya Nyuso Tano

KIEMA: Haloo? Ni nani? Nimeambiwa kuna simu yangu hapa kaunta.

SYOKAU: Ni Syokau.

KIEMA: Dada. Wimuseo?

SYOKAU: Nimuseo. Unanisikia?

KIEMA: Kidogo kidogo. Watu ni wengi hapa. Ulijuaje niko hii hoteli?

SYOKAU: Mwaitu ameambia kanisa lote. Eti kijana aliyemzaa yuko Wote mjini, anakula meza moja na maprofesa.

KIEMA: (anacheka) Mwaitu hawezi kunyamaza. Lakini ni kweli, dada. Tangu Makueni iwe wilaya, hakujawa na mkutano kama huu. Watu wametoka mpaka—

SYOKAU: Unatafuna nini?

KIEMA: Eh? Maini. Tumechinjiwa mbuzi, ndiyo wanaanza kugawa.

SYOKAU: Mimi nimetoka kutoa ngozi ya mtoto mwingine kwa beseni, sasa hivi, na wewe unanitafunia maini kwa sikio.

KIEMA: Asi. Sori. Si useme tu. Nini mbaya?

SYOKAU: Niko hapa ofisi ya wodi ya watoto. Kuna msichana anaitwa Kalondu, wa kule Tulia. Unamkumbuka?

KIEMA: Watoto ni wengi, dada. Nimezunguka hospitali ngapi na hii utafiti.

SYOKAU: Huyu ameungua miguu yote mbili. Sufuria ya isyo ilimwagika juu yake, mahindi na maharagwe yakachemkia hapo kwa ngozi. Ulikaa kitandani kwake ukampa biskuti.

KIEMA: Ah. Yule wa susu yake, yule bibi mzee, ana kilemba ya kijani.

SYOKAU: Huyo huyo. Leo ni siku ya kubadilisha bandeji. Zimeshikana na nyama. Beseni ya maji ya chumvi iko tayari, Sista Mbinya ameshika koleo, na mtoto hajapewa kitu ya maumivu. Hata tone.

KIEMA: Dawa imeisha?

SYOKAU: Dawa iko. Iko kwa kabati, nyuma ya mgongo wangu. Ni yenu, mlileta wenyewe.

KIEMA: Basi mpeni.

SYOKAU: Tumpe namna gani? Sheria yenu ni kadi kwanza. Mtoto anaonyeshwa zile nyuso tano, kutoka ile inacheka mpaka ile inalia. Akionyesha ya kwanza ama ya pili, hakuna sindano. Si ni wewe ulituambia hivyo?

KIEMA: Ndiyo, kwa sababu ile dawa ni kali, inaweza kufunga mtoto pumzi. Tunataka kujua nani anahitaji na nani—

SYOKAU: Kalondu ameonyesha ya kwanza.

KIEMA: Ya kwanza ya—

SYOKAU: Ile inacheka, Kiema. Pale bandeji imeteleza nyama iko wazi, mfupa wa goti unaonekana, na amenyoosha kidole kwa ile inacheka.

KIEMA: Labda neva zimekufa. Kuungua kukiingia ndani sana, mtu hasikii.

SYOKAU: Amekojoa kitandani tulipogusa bandeji. Ameuma mdomo mpaka umepasuka. Huyo hasikii?

KIEMA: Lakini analia?

SYOKAU: Hapana. Hakuna mtoto analia kwa hii wodi siku hizi. Ukiingia utafikiri ni kanisa.

KIEMA: Basi ndiyo ile Profesa wetu wa utafiti amesoma asubuhi. Amesema watoto wa Ukambani wana uvumilivu wa ajabu. Kuna mchoro, dada, ameweka kwa ukuta na ile mashine ya taa. Watu wamepiga makofi. Wanataka sheria ya kadi iende wilaya zote—

SYOKAU: Uliwauliza nini?

KIEMA: Nani?

SYOKAU: Watoto. Na kadi kwa mkono. Uliuliza nini?

KIEMA: Swali la utafiti.

SYOKAU: Nilikuwa nimesimama hapo, Kiema. Usinizungushe. Ulimwambia, "Kalondu, wewe ni yupi hapa?"

(Laini inakoroma.)

KIEMA: ...haloo? Hukusikika mwisho.

SYOKAU: Nimesikika. Wewe ni nani Jumapili?

KIEMA: Dada, sasa hiyo inaingiaje—

SYOKAU: Wewe ni mwalimu wa watoto kanisani. Na zile picha unatundika ukutani ni za nini? Mtoto anacheka, huyo ni mtiifu, huyo ni wa Yesu. Mtoto analia, huyo ni mkaidi, huyo peremende inampita. Halafu unawauliza mmoja mmoja, "Wewe ni yupi?" Wanakimbilia wapi?

KIEMA: Si mimi nimechora hiyo kadi. Ilitoka ng'ambo.

SYOKAU: Kadi haina makosa. Huko ilitoka, labda mtoto akiulizwa anajua ni mguu unaulizwa. Wetu wanajua ni tabia inaulizwa. Na ukiongeza biskuti juu, aonyeshe uso wa kulia ana wazimu?

KIEMA: Biskuti ilikuwa ya kuwatuliza tu. Wageni walikuwa wanakuja, hawangeweza kuandika na ile makelele.

SYOKAU: Kwa hivyo mliwanunua wanyamaze, halafu mkaandika wamenyamaza.

KIEMA: Usiseme hivyo. Mbona hukusema mapema?

SYOKAU: Nilisema. Hapo kwa mlango ya wodi. Ulicheka, ukaniambia utafiti haufanywi na huruma.

KIEMA: Sawa. Fanya hivi. Rudi kwa mtoto, umwambie aonyeshe ile ya mwisho. Sista Mbinya aone, atoe dawa, mambo iishe.

SYOKAU: Unafikiri sijamwambia?

KIEMA: Na?

SYOKAU: Amekataa. Susu yake amemwambia pia, kwa Kikamba, akimshika mashavu. Amekataa. Amesema mwalimu wa kadi akirudi ataambiwa Kalondu amekuwa mkaidi.

KIEMA: Asi.

SYOKAU: Ndiyo hiyo asi. Sasa niambie mimi nifanye nini. Hii si kazi ya kidonda. Kidonda nimezoea.

KIEMA: Mpe Sista Mbinya simu, niongee na yeye.

SYOKAU: (mbali na simu) Sista, ni Kiema... Hapana... Ndiyo, nimemwambia. (karibu) Amekataa. Anasema funguo aliachiwa na Profesa, na Profesa ndiye atamwambia afungue. Yuko wapi huyo Profesa wenu?

KIEMA: Yuko pale mezani.

SYOKAU: Mbali?

KIEMA: Si mbali.

SYOKAU: Mwite.

KIEMA: Dada, yuko na mkubwa wa wilaya. Wanataka kupiga picha sasa hivi. Nikienda kumwambia kadi yake inadanganya, mbele ya wale wote... Unajua ameandikia chuo barua yangu? Ya kwenda kusoma?

SYOKAU: Najua. Mwaitu anaiombea kila asubuhi, anataja mpaka jina la ndege.

KIEMA: Basi nielewe.

SYOKAU: Nimekuelewa kabisa. Ngoja hapo. Usikate.

KIEMA: Unaenda wapi?

SYOKAU: Navuta waya. Inafika kitanda ya kwanza, na yeye yuko kitanda ya kwanza. Sikiza.

(Kimya. Maji yanamwagika kwenye beseni. Kimya.)

KIEMA: Haloo? Dada, sisikii kitu.

SYOKAU: Ndiyo hiyo sasa. Ameanza kuvuta ya mguu wa kulia.

KIEMA: Lakini hakuna—

SYOKAU: Hakuna. Sauti yote iko ndani ya blanketi, ameijaza mdomoni. Ongea na yeye. Nakuwekea kwa sikio lake.

KIEMA: Niseme nini? Haloo? Kalondu? Kalondu, ni mimi, mwalimu wa kadi. Unanisikia? Sikiza, mama. Ukisikia uchungu, lia. Sitakasirika. Hakuna mtu atakuita mkaidi. Lia tu, lia vile unataka. (kimya) Kalondu?

(Laini inakoroma.)

SYOKAU: Amekujibu. Umesikia?

KIEMA: Sijasikia. Amesema nini?

SYOKAU: Amesema, "Asante, mwalimu." Halafu amecheka, akageukia Sista Mbinya aone vile anacheka. Meno yote yana damu. Kiema? Kama umeenda picha, sema tu umeenda.

KIEMA: Mwambie Sista aache. Aweke koleo chini. Ngoja hapo kwa simu. (mbali) Prof! Prof, samahani... samahani mheshimiwa... ni hospitali...

(Kelele za watu. Mtu anacheka. Sahani.)

SYOKAU: (mbali na simu) Sista, amesema ngoja. Weka chini. Nimesema weka chini kwanza... Shika, msikize mwenyewe basi, huyo si Profesa anaongea?

KIEMA: Haloo? Dada?

SYOKAU: Niko. Tuko wawili kwa sikio moja.

KIEMA: Nimemwambia. Yote. Ya Jumapili na ya biskuti. Yuko hapa kando yangu. Hawezi kushika simu, mikono yake ina mafuta.

SYOKAU: Ya mbuzi.

KIEMA: Dada, tafadhali. Anasema mpeni.

SYOKAU: Mpeni nini? Sista anataka neno.

KIEMA: Mpeni sindano. Sasa hivi.

SYOKAU: (mbali) Umesikia? Haya, fungua... Leta, nitamdunga mimi. (karibu) Anafungua.

KIEMA: Asante Mungu.

SYOKAU: Mwache Mungu kidogo. Na wale wengine? Wodi imejaa.

KIEMA: (sauti ya chini) Anasema... ngoja. Anasema huyo mmoja tu. Na msimwandike kwa kadi. Muache tu ile uso ya kwanza ikae vile iko, kwa sababu mchoro umeshasomwa, na ukibadilisha mmoja itabidi...

SYOKAU: Itabidi nini?

KIEMA: Waanze upya.

SYOKAU: Na wewe ukasema nini?

KIEMA: Dada, nimefanya vile naweza.

SYOKAU: Nimekuuliza ulisema nini.

KIEMA: Wanaita watu wa picha. Nitakupigia jioni, nitakueleza—

SYOKAU: Usinipigie. Sista Mbinya ameniachia funguo hapa mezani, ameenda kunawa, anatapika. Mimi nitapita kitanda hadi kitanda. Nitawadunga wote, na kila mmoja nitamwandika kwa kadi yake, vile mguu wake uko, na jina langu chini.

KIEMA: Usifanye hivyo. Syokau. Ile barua yangu—

SYOKAU: Rudi mezani, Kiema. Maini yanapoa.

KIEMA: Dada, ngoja kwanza. Dada? Haloo?