Hadi Karatasi ya Kwanza Itoke

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili alasiri, Mzee Karatasi atarudisha funguo za chumba cha kompyuta baada ya kuitumikia hospitali yetu miaka thelathini na minne na miezi miwili. Aliomba lisiandikwe neno "takriban", kwa hiyo hatukuliandika.

Kwa wale wanaomwona akipita koridoni na daftari jeusi kwapani wakadhani ni mkaguzi, kazi yake ni hii. Majibu ya maabara, lebo za dawa na orodha za wagonjwa hutoka kwenye kompyuta kuu iliyoko ghorofa ya chini. Kompyuta hiyo ina akili nyingi ila haina macho. Haijui kama printa ipo mpaka mtu aiandikie maelezo yake: jina lisilozidi herufi nane, anwani ya waya wake, aina ya karatasi, na kazi zinazoruhusiwa kupita hapo. Printa isiyoandikiwa maelezo unaweza kuiwasha, kuipangusa, hata kuibembeleza; haitakutolea nukta. Mzee Karatasi ameziandikia printa mia tatu na kumi na mbili.

Alianza kazi akiwa kijana mwembamba aliyevaa suruali pana. Suruali ni zilezile, yeye ndiye aliyezijaza.

Jina la utani alipewa na wauguzi kwa sababu ya sheria yake moja. Hasaini kazi ya printa yoyote kabla hajaenda kwa miguu yake hadi ilipo, akasimama mbele yake, akangoja karatasi ya kwanza, akaishika mkononi na kulinganisha jina lililo juu yake na kibao cha mlangoni. Ukimshauri apige simu tu aulize, atakwambia simu nayo haina macho. Chumba cha maiti alisimama saa tatu nzima, akarudi akisifu utulivu wa wenyeji. Daktari bingwa mmoja alitaka printa yake iitwe kwa vyeo vyake vyote. Mzee alimweleza kwamba kompyuta haina dharau, ina nafasi nane. Daktari alinuna wiki mbili, na printa ikafanya kazi vizuri wakati wote huo.

Sasa nifike mahali ambapo mwenyewe aliniomba nisifike.

Machi mwaka jana, binti aliyeletwa kumrithi, yaani mimi niandikaye, nilikuwa na miezi minne kazini. Wodi ya wazazi ililetewa printa mpya. Nilinakili maelezo ya printa ya chumba cha dobi kwa kuwa ni mafupi kuliko yote, nikabadili jina, nikabadili aina ya karatasi, nikasahau kubadili anwani. Mvua ilikuwa inanyesha na wodi iko ng'ambo ya uwanja, basi nikapiga simu. Muuguzi akasema taa imewaka. Nikasaini.

Kwa siku mbili majibu ya damu ya akina mama yalitoka chumba cha dobi. Wafuaji, watu wa utaratibu, waliyakunja vizuri na kuyapanga juu ya mashuka safi. Mama mmoja aliyejifungua na kupoteza damu alingoja kuongezewa damu, na majibu yake yamelala kati ya foronya. Muuguzi mmoja ndiye aliyechoka kungoja, akaenda maabara mwenyewe na kupiga kelele hadi akasomewa majibu kwa mdomo. Mama alipona, lakini nusura tumpoteze. Jamani, niliona aibu hata kupita mlangoni kwa wodi ile.

Kamati ya nidhamu ilikaa. Barua ya kunifukuza ilikuwa imeshachapwa, tena haikupotea njia. Unga wangu ulikuwa umemwagika. Mkuu wa idara alimgeukia Mzee Karatasi athibitishe tu kwamba jambo kama hili halijawahi kutokea. Lilikuwa swali la kupita.

Mzee alifungua daftari jeusi kwenye ukurasa wa mwaka wake wa tatu kazini, akalisukuma mezani. Kwa mwandiko wake mwenyewe palikuwa pameandikwa kwamba alinakili maelezo yaleyale ya printa ya dobi, akasahau mstari uleule, na majibu ya wodi namba sita yakaenda kwa wafuaji siku tatu. Mmoja wa waliokuwa wakingoja ni mama mkwe wake. Kila jioni alimpelekea machungwa, akakaa kitandani pake wakailaani maabara pamoja. Kosa aliligundua mwenyewe, akalirekebisha, akakaa kimya kama maji ya mtungini. Kutoka siku hiyo ndipo alipoanza kwenda kusimama. Mama mkwe aliishi miaka kumi na tisa zaidi, mwenye afya, na alifariki akiamini kosa ni la maabara.

Aliiambia kamati kwamba ikiwa binti anaondoka kwa sababu ya mstari ule, basi yeye na binti waandikiwe barua moja. Akaongeza kwamba mficha uchi hazai, na kwamba yeye ameficha vya kutosha.

Nilipewa onyo, nikabaki. Yeye alipoteza Ngao ya Utumishi Usio na Dosari. Ndiyo maana kipengele cha tano katika programu ya leo kimekatwa kwa mstari. Ngao yenyewe iko stoo na jina lake limeshachongwa, kwani hakuna anayejua namna ya kulifuta. Mkuu wa maabara aliandikiwa barua ya kuombwa radhi, ameitundika ukutani. Mkewe Mzee alipoambiwa habari za mama yake alimnunia wiki nzima na kumpikia bila chumvi. Siku hizi wanaongea.

Mzee wangu, asante. Kazi hii ninayoifanya ni wewe uliyenirudishia, na ulilipa kwa kitu ulichokijenga miaka thelathini na minne. Nenda nyumbani ukapumzike, miguu yako imetembea vya kutosha kwa ajili yetu. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na chakula chenye chumvi. Nyumbani hakuna printa, mkeo ametuhakikishia.

Daftari jeusi liko kwangu. Programu hii mliyoishika ilichapwa Jumatano asubuhi kwenye printa mpya ya ukumbi, ya mia tatu na kumi na tatu. Mvua ilikuwa inanyesha. Karatasi ya kwanza ilipotoka, nilikuwa nimesimama pale.