Jibu la Sahani ya Pili

Kama hujakaa kwenye ubao wa Ambrosi pale stendi ya Iringa asubuhi ya mwezi wa saba, basi wewe baridi unaisikia kwa watu. Ubao wenyewe ni kipande cha mninga juu ya mawe mawili, mwenzio akiinuka bila taarifa unajikuta chini na kahawa kifuani. Wakaaji wake ni wale wale. Yupo Sindano, mwenye gramafoni peke yake mtaa mzima wa Kihesa, na maringo yake hayana dawa. Yupo Gavana, aliyekuwa tarishi wa boma miaka ishirini akatoka na lugha ya ofisini mdomoni. Yupo Bama, askari aliyerudi kutoka vita vya Bama, hiyo Burma, na mguu mzito na uongo mwepesi. Na siku ile, Ijumaa moja ya mwaka hamsini na sita, katikati yao alibanwa Kasian mpiga gitaa, ndani ya koti la kuazima, anangoja basi la Dodoma la saa nne. Alikuwa anakwenda Nairobi kuimba sahani yake ya pili ya gramafoni.

Ya kwanza nani asiyeijua? Kasian alisimama mbele ya mitambo kule Nairobi akaanza kumwimbia binti mmoja. Lakini Mhehe ataombaje kitu kabla hajasalimia? Akamsalimia binti, akamsalimia baba, mama, bibi, ng'ombe na kuku wa nyumba ile, na salamu zikala dakika mbili na ushee. Alipofika kwenye swali lenyewe, fundi akawasha taa nyekundu: dakika tatu zimekwisha. Sahani ikatoka hivyo hivyo. “Niambie, mwenzangu, wanitaka, au...” halafu khrrrr. Basi! Watu wa Tabora mpaka Kisumu wakawa wanaigeuza kutafuta jibu, wanakutana na wimbo wa mavuno. Sasa wenye kampuni ya sahani wameandika barua: njoo, imba ya pili, na safari hii tuambie binti alisemaje.

Hapo ndipo pagumu. Ubao mzima uliamini binti yule ni wa kutunga. Kasian peke yake ndiye aliyejua kuwa anaitwa Paskalina, anakaa Tosamaganga, na kwenye kwaya ya kanisa husimama wa tatu kutoka mlangoni. Alikuwa amezungumza naye mara nne, na mara zote nne walizungumza habari za mvua. Mfukoni alikuwa na karatasi mbili: moja imeandikwa amekubali, nyingine amekataa. Zote mbili uongo.

— Binti akatae, alisema Sindano. Nisikilizeni mimi mwenye sahani kumi na tatu nyumbani. Sahani ya kwanza mtu anaimba na njaa, ya pili anaimba ameshiba. Na aliyeshiba hasikilizwi na mtu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Mgema gani? Gavana akaruka. Huyu anapiga gitaa.

— Ni methali, mzee!

— Methali iende na faili lake. Mimi nasema binti asikatae wala asikubali. Aseme hivi: ombi lako limepokelewa, linashughulikiwa. Hapo kampuni itataka sahani ya tatu, ya nne, mpaka ya kumi. Mimi boma nimeona ombi la choo limeshughulikiwa miaka sita.

Kasian akacheka.

— Kumi zote sijajibiwa, mzee Gavana? Si nitazeeka?

— Utazeeka una jina!

Bama alikuwa anapuliza kahawa tu, ishara mbaya. Akaweka kikombe chini.

— Ninyi mnacheza. Simba mwendapole ndiye mla nyama. Kwa hiyo binti amezwe na chatu.

— Ebo! Simba na chatu wapi na wapi?

— Wote wanakula. Anakwenda mtoni Ruaha kuchota maji, jibu liko mdomoni, anafungua tu kinywa kusema, chatu huyo! Upande wa kwanza Kasian analia. Upande wa pili chatu anajuta. Halafu katikati mnapiga bunduki. Bunduki ya kweli. Kule Bama tulikuwa na wimbo wenye mzinga ndani, ukiupiga watu wanalala kifudifudi.

— Mzinga kwenye gramafoni yangu? Sindano akasimama, ubao ukainuka upande mmoja, kahawa ya Gavana ikamwagikia kiatu. Itapasuka! Nani atanilipa?

— Kaa chini wewe, tunaanguka!

Ambrosi akaja na birika kumjazia Gavana. Kwa kawaida Ambrosi haongei, humimina tu, lakini siku hiyo na yeye alikuwa na lake.

— Mnajisumbua bure. Huyo binti si mtu.

— Ni nani?

— Tanganyika. Tazameni wenyewe. Mtu anayesalimia mpaka kuku, hiyo si nchi nzima hiyo? Halafu anauliza, wanitaka au... Swali hilo linakwenda kwa Mwingereza.

Gavana akatazama nyuma, kisha akashusha sauti.

— Kasian, mwanangu. Utakamatwa mpakani Namanga.

— Mimi? Kwa salamu?

— Siasa hiyo! Sasa naelewa kwa nini taa ilikuwa nyekundu!

Bama akasema basi bunduki ndiyo ibaki kabisa. Sindano akasema aende usiku kwa miguu, apitie porini. Gavana akaanza kumtungia barua ya utetezi, “Kwa heshima na taadhima, mimi mtumishi wako mtiifu,” na wote wakawa wanacheka mpaka machozi, Kasian naye akicheka, mkono umezikamata karatasi zake mbili mfukoni. Kule mbele utingo alishaanza kupandisha mizigo juu ya basi. Ataimba ipi? Akiimba amekubali, Paskalina atasikia ameozwa na sahani. Akiimba amekataa, je, kama asingekataa?

Ndipo sauti ikatoka nyuma yao.

— Kamwene.

— Kamwene, mama! wakaitikia.

Alikuwa mama wa makamo, kaniki yake imejaa vumbi jekundu mpaka magotini, kikapu kichwani. Ambrosi akamtolea kigoda na kikombe. Mama akakaa, akanywa nusu taratibu, akawatazama mmoja mmoja.

— Nimewasikia tangu pale kwenye kona. Nina swali dogo tu. Huyo mwimbaji, mshenga wake alikuwa nani?

Gavana akamtazama Bama. Bama, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu toka Iringa hadi Rangoon, akakuna mguu wake mzito.

— Mshenga... akasema Gavana. Kwa kweli, suala hilo halijafikishwa mezani.

— Hakuna, mama, alisema Kasian. Masikio yalikuwa yanamchoma. Sikumtuma mtu. Niliimba tu.

— Ahaa. Ndiwe.

— Ndimi, mama.

— Mimi natoka Tosamaganga, nimetembea tangu jogoo la kwanza. Padri ana gramafoni, sahani yako sote tumeisikia. Binti yangu alipoisikia aliangusha sahani ya wali, hatukumuuliza zaidi. Jana nikaambiwa unakwenda Nairobi kuimba jibu. Nikasema nije nilisikie kwanza, maana nyumbani kwetu hakuna aliyelitoa.

Ubao mzima uligeuka kumtazama Kasian. Hakuna aliyethubutu kuinuka.

— Kwa hiyo yupo! Sindano akanong'ona.

Basi likapiga honi. Utingo akaita, wa Dodoma, wa Dodoma, mwenye gitaa njoo! Kasian akasimama.

— Lishushe!

— Nini?

— Gitaa! Lishushe, nitapanda la Jumanne!

Basi hapo ubao uliwaka moto. Gavana akasema mshenga ni yeye, ameshika barua za watu miaka ishirini na hajapoteza hata moja. Bama akasema mshenga ni askari. Sindano akasema bila gramafoni yake huyo binti asingejulikana mtaani, na mwenyewe alishavaa kofia.

— Njooni wote, alisema mama, huku akijitwika kikapu. Mimi kila Jumamosi napika pombe ya kumpokea mshenga, na kila Jumapili tunainywa wenyewe. Miezi saba sasa tunangoja. Baba mtu amenenepa, mtoto amekonda.