Haluli ya Jumamosi

Sisi watu wa Ruiru kahawa tunachuma, lakini kwa benchi la Wangeci tunakunywa chai. Mwaka ule wa hamsini na nane, kila Jumamosi kazi ikiisha, tulikaa nje ya hoteli yake wanaume wanne: mimi, Gachanja tunayemwita Boila, maana anachochea moto kiwandani, Bedan Daktari, aliyelazwa hospitali kwa kuvunjika mguu akatoka anajua magonjwa yote, na Wambua, Mkamba mpole. Kabla ya chai, kila mtu alikunywa kikombe cha haluli, ile chumvi ya kuharisha, ati kusafisha damu. Ilikuwa desturi yetu, na ole wako ukatae. Jumamosi moja Wambua alikuwa ameshika tumbo.

— Mke wangu Kamene anafika leo na basi ya Machakos, akasema. Na mimi bado niko vile vile. Tumbo inawaka, imefura, na usiku mwili haunitumi kwa mke. Alipokuja mwezi wa tatu niligeukia ukuta. Alirudi kwao akilia.

— Ni moto, Boila akasema. Moto ukishika tumboni, damu yote inakimbia huko kuzima. Huko chini itabaki nini?

— Hata jogoo akiharisha hapandi kuku, nikaongeza. Hiyo nimeona na macho yangu.

— Jogoo gani! Daktari akafoka. Uanaume unapikwa kwa utumbo, bwana. Pole pole kama mahindi na maharagwe ya githeri, halafu unashuka. Utumbo ukichafuka, unashuka ukiwa mbichi.

— Haiya! Na ndevu? Boila akauliza.

— Ndevu ni moshi wake. Angalia kidevu ya Wambua.

Tukaangalia. Kweli ilikuwa tupu, lakini Wambua hajawahi kuwa na ndevu.

— Sasa nifanye nini, ndugu zangu?

— Ongeza haluli, Daktari akasema. Debe tupu haliachi kuvuma!

— Kikombe cha pili, Boila akasema. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wambua akainua kikombe. Mimi nilifurahi sana, maana hakuna raha kama kumsaidia mtu ukiwa umekaa.

Mkono ukamzuia. Ni Kamene, kikapu chake cha kiondo mgongoni. Basi lilikuwa limefika mapema, na kwa kelele zetu hatukumwona akisimama nyuma ya benchi.

— Kumbe ni tumbo, akasema, machozi yakimlenga. Baba Ndila, miezi hii yote nilijua uko na mwanamke mwingine.

— Mwanamke nitampeleka wapi na hii tumbo?

Kamene akacheka, akafuta macho. Halafu akatugeukia.

— Hamjambo, wazee. Naomba kuuliza. Hiyo dawa, alianza kuinywa kabla ya tumbo kuharibika, ama baadaye?

Daktari akainama kufunga kamba ya kiatu. Mimi nikakoroga chai isiyokuwa na sukari.

— Twende nyumbani, Kamene akamwambia mumewe. Mama ametuma uji wa mtama uliochacha vizuri.

Wakaondoka wakicheka, Wambua amebeba kiondo. Boila akakisukuma mbali kikombe chake cha haluli.

— Hata mimi, jamani, akasema. Tangu Krismasi.

Hakuna aliyemcheka.